Kumvalisha Rukia kutoka Ng'ambo ya Ua

Siku utakapoambiwa usimguse mtoto wako, utaitazama mikono yako kana kwamba ni ya mtu mwingine. Mimi niliitazama hivyo kwa muda mrefu, nimekaa kwenye benchi la hospitali pale Meru, leso nimeikunja mara nne. Sasa nimepona. Nina nyama mwilini na sauti ya kumgombeza mtu, kwa hiyo nayaandika haya kwa ajili ya mama mwingine aliyekaa kwenye benchi kama lile, anawaza ni nani atakayemvalisha mwanawe kesho asubuhi. Habari za vijidudu na mapafu waulize wenye makoti meupe. Mimi nitakueleza habari za gauni, sweta, na mtoto mmoja mkaidi.

Ugonjwa wangu ulianza msimu wa baridi, ile miezi ambayo Meru hatuoni jua na moshi wa jikoni unakataa kupanda. Kukohoa kila mtu alikuwa anakohoa, basi sikujishuku. Kilichonishtua ni gauni langu la kijani. Tangu nimzae Rukia lilikuwa likinibana kifuani, na sasa likaanza kuteleza begani. Nikalipunguza kwa ndani. Baada ya muda likateleza tena, nikalipunguza tena, mpaka Mama akaniuliza, "Wewe unalishona gauni au unajishona mwenyewe?" Mama ni mama mkwe wangu, Bi Halima, mzaliwa wa Embu, aliyehamia kwetu baada ya kufiwa. Alikuwa mtu wa utani sana. Lakini siku alipoona damu kwenye leso hakutania. Alijitanda buibui lake akanishika mkono, tukaenda hospitali kwa miguu, tukipumzika kila palipokuwa na jiwe la kukalia.

Ilikuwa miaka ya Emajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya wakoloni. Mlangoni pa hospitali alisimama askari akikagua pasi za watu waliotoka vijijini, na ndani tulikaa tumebanana, kila mmoja akijitahidi kukohoa kidogo kuliko jirani yake. Unajua watu wa benchi wanavyotazamana. Kila anayeitwa, mnamsindikiza kwa macho, na akitoka mnamsoma uso. Nilipotoka mimi, walinisoma vizuri, kwa sababu mwanamke mmoja mzee alisogea akanipa nafasi pana ya kukaa, pana kuliko niliyohitaji. Ndipo nikaelewa kwamba ni kifua kikuu.

Nililazwa mvua za mwezi wa kumi zilipoanza. Sindano kila siku, na vidonge vikubwa vyenye ladha ya sabuni. Vitanda vyetu viliwekwa verandani tupate hewa, na hewa tuliipata, pamoja na ukungu wote wa bonde. Kila alasiri homa ilinijia polepole, na nasema kweli, sikuichukia. Ilinibeba. Mbele yetu ilikuwepo kamba ya nguo za wodi, na ukungu ulipopita, yale magauni meupe yalipungapunga mikono yakiwa hayana watu ndani. Nilimwona Rukia katika kila gauni. Nilimwona anaingia kwenye moja na kutokea kwenye jingine, mdogo, anacheka, halafu upepo unatulia na magauni yanabaki nguo tu. Nilikuwa nikilia, kisha nalala, kisha ni asubuhi na sindano nyingine.

Mvua zilipokatika niliruhusiwa kurudi nyumbani, vidonge mfukoni na sindano za kufuata kwa dresa, mhudumu wa dawa wa hospitali ile. Alikuwa Mmeru mpole aliyeitwa Mwiti, na mkono wake wa sindano ulikuwa mwepesi kuliko wa wengine wote. Siku ya kutoka alinikalisha kwenye lile benchi la siku ya kwanza.

"Mama Rukia, wewe kaa upande yako, mtoto akae upande yake," alisema. "Kikombe yako, sahani yako, mkeka yako. Hata akilia, usimbebe. Ukibeba yeye leo, kesho tutaleta yeye hapa kwa hii kitanda."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mimi niseme."

Basi nikakaa upande wangu. Nyumba yetu ya Majengo ilikuwa na ua katikati. Upande mmoja vyumba na jiko, upande wa pili kibanda cha kuni, ambacho kilisafishwa kikawa changu. Katikati palikuwa na mpera. Nilipoingia uani siku ile, Rukia alikuwa na miaka mitatu hivi, na alijificha nyuma ya Mama, akanichungulia kama watoto wanavyomchungulia mgeni aliyekuja na mzigo. Hakuna sindano iliyowahi kuniuma vile.

Mume wangu Athumani alikuwa dereva wa lori la tajiri mmoja wa Makutano. Alipeleka mahindi Embu, na siku hizo malori yalikwenda kwa msafara, kwa pasi, na yakichelewa yalilala huko huko kwa sababu ya kafyu, ile amri ya kutotoka nje usiku. Kwa hiyo nyumbani walikuwa Mama na mtoto, na mimi ng'ambo. Mama alikaanga mahamri ya kuuza kwa watu wa malori, na alitakiwa kuwa njiani mara tu kafyu inapoondolewa. Wakati huo huo Rukia alitakiwa kuvaa. Na Rukia ukimvalisha mkono mmoja, alikuwa anakimbia na ule wa pili ukiburuta. Mara nyingi alishinda nusu uchi katika baridi ile, pua zinatiririka, na kila alipopiga chafya moyo wangu ulisimama.

Asubuhi moja Mama alisimama chini ya mpera, amechoka, unga mpaka kwenye nyusi.

"Mwanangu, mimi nina mikono miwili tu," aliniambia. "Nakuuguza wewe, nakaanga, nafukuzana na huyu. Baba yake akija na lori nampeleka Embu kwa dada yangu. Kule wasichana wamejaa, wa kumvalisha hawakosekani."

"Atarudi lini?"

"Ukipona."

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililonivunja nguvu. Embu ya wakati ule haikuwa ya kwenda na kurudi utakavyo. Mtoto aliyenisahau kwa mvua moja tu, nikiwa mji huo huo, angenijuaje baada ya mwaka? Nilijua akienda atapata mama mwingine, na hatakuwa na kosa lolote.

"Na akijivalisha mwenyewe?" nikauliza.

Mama alicheka kidogo. "Huyu?"

"Akijivalisha, atabaki?"

"Akijivalisha abaki. Lakini Ramadhani ikiingia sitakuwa na nafasi hata ya kujikuna, kwa hiyo iwe kabla ya hapo."

Nilianza kwa kuamuru, kama mjinga. Rukia vaa gauni, Rukia ingiza mkono. Nilikaa mkekani mlangoni kwangu, napiga kelele mpaka kikohozi kinanikata, na yeye ananitazama kwa adabu, kisha anakwenda zake kuchezea kuku. Siku nyingi zilipotea hivyo.

Kilichonisaidia ni udhaifu wangu. Asubuhi moja nilikuwa navaa gauni langu la kijani nimeketi, maana kuvaa nikiwa nimesimama sikuweza tena. Nililipitisha kichwani, na hapo katikati nguvu zikaniisha. Mikono ilishuka. Nikakaa vivyo hivyo ndani ya gauni, nimefunikwa, kila kitu kijani na joto la pumzi yangu, na wala sikujali. Kulikuwa kuzuri mle ndani. Nikasikia sauti ndogo kutoka ng'ambo ikisema, "Mama amepotea."

Sijui maneno yalitoka wapi. Nikasema, "Mimi si Mama. Mimi ni mlima. Wingu limenifunika."

Kutoka uani kwetu, asubuhi safi, mlima unaonekana na vile vilele vyake vyeupe, na Rukia alipenda kuupungia mkono kila ulipojitokeza. Halafu akaniambia, "Toka."

Nikasukuma kichwa polepole, kwanza nywele, zile chache zilizobaki, kisha paji la uso, kisha macho. "Mlima umetoka," nikasema. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akachukua gauni lake, akalivaa kichwani kama mfuko, akasema kwa sauti ya ndani ya nguo, "Na mimi wingu limenifunika."

Toka siku hiyo tulivaa pamoja, yeye mlangoni pa jiko, mimi mlangoni pa kibanda, uso kwa uso, na mpera katikati ukitudondoshea majani. Mikono ya gauni ikawa mashimo ya fuko. Fuko anaingia kwa shamba letu, anachimba, anachimba gizani, anatokea kwa jirani. "Amekula viazi vya nani?" nauliza, na vidole vinachomoza, na yeye anataja jirani aliyemkasirisha siku hiyo. Chupi ilikuwa barabara mbili, na miguu yake malori mawili, moja la kwenda Embu na jingine la kwenda Maua. Yakiingia barabara moja yanagongana, na kweli yaligongana, akaanguka chali, akacheka, akaanza tena. Kama wewe ni mgonjwa na huna pumzi, hadithi za hivi zinakufaa, kwa sababu ni fupi na kazi yote anaifanya mtoto.

Sweta ndiyo iliyokuwa ngumu, kwa ajili ya vifungo. Hadithi ya vifungo aliitunga yeye, si mimi. Alikuwa mtoto wa Emajensi. Alijua kwamba jioni filimbi ikilia kila mtu awe kwake, mlango umefungwa. Akaamua kila kifungo ni mtu na kila tundu ni nyumba yake. Cha chini kabisa Nyanya, yaani Bi Halima, anayefuata Mama, yaani mimi, juu yake kuku, na cha shingoni kabisa ni Baba. Mimi kazi yangu ilikuwa kupiga filimbi, lakini nisipige mpaka wote waingie.

Siku moja Nyanya aliingia nyumba ya Mama. Mama akaingia ya kuku, kuku akaingia ya Baba, na Rukia alipofika shingoni akakuta kifungo hakina tundu. Alikishika kile kifungo, akakigeuza huku na huku. Uso ukaanza kukunjamana.

"Baba amebaki nje," alisema.

Sikuwa nimewahi kumwona analia vile, kilio cha mtu mzima, bila kelele. Athumani hakuwa amekuja siku nyingi na hatukuwa na habari zake. Mwili wangu wote ulinyanyuka. Nilikuwa nimeshasimama, nimeshatoka mkekani, nimeshafika kwenye mpera, ndipo kikohozi kikanikamata nikaushika mti. Sikumfikia. Nilirudi nyuma, nikakaa, nikamwambia, "Sijapiga filimbi, Rukia. Angalia, mdomo nimeufunga. Watoe wote nje, uanze na Nyanya."

Alifuta pua kwa mkono wa sweta. Alimtoa kuku, akamtoa Mama, akamtoa Nyanya, akaanza chini. Ilichukua muda mrefu sana. Mama alikuwa ametoka jikoni na mwiko mkononi, amesimama, mafuta yanaungua nyuma yake, na hakuthubutu kumsaidia. Baba alipoingia ndani, nilipiga filimbi. Jioni ile Mama aliniletea supu ya mifupa, akaiweka kwenye lile jiwe la chini ya mpera walikoniachia chakula, akabaki amesimama pale akiniangalia ninavyokunywa.

Nilidhani tumeshashinda. Ramadhani ilikuwa imekaribia, na Mama akasema haya, nimwone huyo fundi. Akaketi kwenye kigoda kando ya Rukia. Rukia akachukua gauni, mlima ukatoka vizuri, na fuko wa kwanza akaingia shimoni. Mama akauma mdomo. Chupi, mguu wa kwanza. Mama akatikisa kichwa. Sweta, mkono wa kwanza. Mama akanyanyuka.

"Kushoto," alisema. "Kila kitu kushoto kwanza. Mtoto wa Kiislamu, anavaa kama anavua."

Kwetu mtu huanza kuvaa kwa kulia, na kuvua kwa kushoto. Ni jambo ambalo mtoto hulinyonya na maziwa, na kwa Mama halikuwa dogo.

"Nani amekufundisha hivi?" akamuuliza.

"Mama," Rukia akajibu kwa fahari.

Mimi niliapa kwamba nilianza na mkono wa kulia kila siku. Mama alinitazama kwa huruma, na nilimwona anafikiri kwamba homa imenipanda kichwani sijui tena mikono yangu. Alisema kwa upole kuwa Embu ni heri kwa sote. Usiku huo nililala nimeishika mikono yangu, huu wa kulia, huu wa kushoto, nikianza mimi mwenyewe kutokuwa na hakika.

Athumani alifika kesho yake na msafara, vumbi mpaka kwenye kope, akaelezwa yote kabla hajanawa. Akasema tuvae aone. Tukavaa. Alisimama katikati ya ua, akatazama kwangu, akatazama kwa mtoto, halafu akaanza kucheka, kicheko cha uchovu kilichomfanya auegemee mpera.

"Mama, huyu hajachanganyikiwa," alisema. "Mimi nikirudisha lori nyuma, utingo akisimama mbele yangu ananionyesha mkono, kulia kwake ni kushoto kwangu. Mtoto anafuata mkono anaouona. Wamekaa uso kwa uso."

Mama alisimama pale alipokuwa mtoto, akanyoosha mkono wake kunielekea, akaushusha. "Subhanallah," alisema taratibu. "Na afanyeje sasa?"

"Ageuke," Athumani akajibu.

Kwa hiyo niligeuka. Niliweka mkeka wangu nikielekea ukuta wa kibanda, mgongo kwa mtoto, ili kulia kwangu kuwe kulia kwake. Siku ya kwanza alikataa, akaniita nigeuke, na mimi sikugeuka. Nilivaa nikitazama udongo wa ukuta na nyufa zake, nikihadithia nyufa zile habari za fuko na mlima, na nyuma yangu nikasikia nguo ikisugua ngozi, pumzi ya juhudi, mguu ukitafuta barabara yake. Nilimjua kwa masikio. Ramadhani ilipoingia alikuwa anaanza upande wa kulia kwa kila kitu, na bismillahi juu yake. Mama hakuitaja Embu tena. Nilitaka kufurahi, na nilifurahi, lakini mwanangu sasa alikuwa akiuona mgongo wangu tu kila asubuhi.

Baridi ikaja, sindano zikaisha, vikabaki vidonge. Gauni la kijani likaacha kuteleza, kisha nikaanza kufumua zile shono za ndani, moja moja. Mvua za mwezi wa kumi zikaja tena na nikazisikilizia kitandani kwangu. Nikapigwa picha ya kifua, na baada ya muda nyingine. Mwiti akaishika kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama mpaka nikadhani amelala.

"Mama Rukia," alisema, "sasa unaweza kubeba huyo mtoto yako. Kama bado anabebeka."

Nilirudi nyumbani karibu nikimbie. Asubuhi iliyofuata sikukaa mkekani. Nilivuka ua, nikapita mpera, nikapiga magoti mbele ya Rukia, nikashika gauni lake kwa mikono miwili. Alirudi nyuma mpaka akaegemea ukuta.

"Rudi kwako," aliniambia.

"Nimepona, mwanangu. Sasa naweza kukuvalisha."

"Hapana. Wewe unakaa kule. Unageuka."

Nikarudi. Nikakaa, nikaukabili ukuta, na nililia wala sikujificha. Mama alikuja akaketi karibu nami, kwa mara ya kwanza kwenye mkeka wangu, bega lake limegusana na langu.

"Umemfundisha mwenyewe, unalia nini?" alisema. "Mpe muda. Hata mimi naogopa kukugusa, na mimi ni mtu mzima. Hii leo ndiyo najaribu."

Basi nikampa muda. Nililala chumba kikubwa na mume wangu, nilipika, nilikula nao sinia moja, lakini saa ya kuvaa ilipofika nilikwenda ng'ambo na kuugeukia ukuta, kwa sababu ndivyo alivyotaka. Hakuniruhusu hata kumfunga kilemba. Ramadhani ikaingia tena, nikaifunga nzima nikiwa na afya, na bado nilihisi kama mtu aliyeruhusiwa kutoka hospitali akakuta nyumba imehama.

Asubuhi ya Idi alivaa gauni jipya la waridi, ambalo Athumani alileta kutoka Embu kwa yule dada wa Mama. Mimi nilikuwa mahali pangu, macho ukutani. Nilisikia mlima umetoka. Nilisikia fuko wa kulia, fuko wa kushoto. Halafu nikasikia mikono ikipapasa nguo, na mguno mdogo wa hasira. Gauni lile lilikuwa na vifungo mgongoni.

"Njoo nikufunge," nilimsikia Mama akisema, pale pale kando yake.

Nikasikia miguu mitupu juu ya udongo, ikipita kwenye majani makavu ya mpera, inasogea, inasimama nyuma yangu.

"Mama, geuka."

Niligeuka. Alikuwa amenipa mgongo, gauni liko wazi mpaka kiunoni, ameinamisha kichwa ili nywele zisinizuie. Nilianza na kifungo cha chini. Kikanishinda mara ya kwanza, na yeye akangoja.